Kwenda Kuangalia Chui

Mume wangu alikuwa na maradhi ya wanyama. Wenzangu waliolewa na wanaume wenye maradhi ya karata, au ya sinema, au ya wake za watu. Mimi niliolewa na mwalimu wa skuli ambaye hakuweza kusikia kwamba kuna mnyama wa nadra pahala fulani asiende kumwangalia. Hakutaka kumwinda wala kumla. Alitaka kumwangalia tu, na akisharudi alitulia siku chache, halafu anasikia habari za mwengine.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu alinichukua kisiwani Changuu kuangalia makobe makubwa. Mimi nilidhani tunakwenda kupunga upepo kama maharusi wengine. Nikavaa kanga mpya, nikajitia manukato, nikashinda juani namtazama mtu mzima kapiga magoti mbele ya kobe, anamlisha mchicha na kumsemesha. "Huyu alikuwepo babu zetu hawajazaliwa," aliniambia, macho yamemlowa. Mimi kilichonilowa kilikuwa mgongo.

Safari ya pili tulikwenda msitu wa Jozani kuwaangalia kima punju. Hao niliwapenda. Wana mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizotimka pembeni mwa uso, kama bibi aliyeamshwa ghafla, na wanakukazia macho bila ya haya. Wenyeji walikuwa hawawapendi. Walituambia mti wanaoula hunyauka, na mbwa akila nyama yao hunyonyoka manyoya. Mume wangu alicheka. Alikuwa akiyacheka mambo mengi ya watu wa shamba, bila ya ubaya, namna mwalimu anavyomcheka mtoto aliyekosea hesabu. Yote yaliyotufika baadaye mimi nayaona yalianza katika kicheko kile.

Alikuwa hajamwona chui. Aliyemwona ni yule wa makumbusho pale mjini, aliyekaushwa akatiwa macho ya kioo, sikio moja limeliwa na wadudu. Mume wangu alikuwa akenda kumwangalia kila mara na akirudi amenuna, kana kwamba amemkuta jamaa yake hospitali. Alikuwa amesoma kwamba katika miji mikubwa ya dunia kuna bustani za wanyama, watu wanakwenda na watoto wao siku za mapumziko. Na chui wetu wa Unguja, akasema, hana wa kufanana naye pahala pengine popote: ni mdogo kuliko wa bara, na madoa yake ni madogo yaliyosongamana. Akitoweka hapa katoweka ulimwenguni. Akilisema neno hilo sauti yake ilibadilika, nami nilikuwa nikimhurumia.

Lakini mimi nililelewa na watu wa kusini, na nilijua jambo asilolijua yeye. Unguja chui hana porini kwake. Chui ana mwenyewe. Mtu wa shamba akiambiwa chui kapita, haulizi kapita wapi, huuliza wa nani. Inaaminika kuna watu wanaowafuga, wanawalisha mafichoni, na wakigombana na jirani wanamtuma chui amalize mbuzi wa jirani huyo, au amkalie njiani mtoto wake. Hakuna aliyemtaja mwenye chui kwa jina. Ulikuwa unajua tu nyumba gani usipite jioni.

Na miaka ile, miaka michache baada ya Mapinduzi, hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto tena. Mjini watu walikuwa wamejifunza kunyamaza. Ulimkuta mtu mzima anaanza habari barazani, akipita asiyemjua anaikata katikati na kuuliza bei ya samaki. Huko mashamba kulikuwa na wasasi wakizunguka kijiji hadi kijiji, na mbwa na nyavu na bunduki, na mganga kawatangulia. Walikuwa wakisaka chui, na wakisaka wenyewe pia. Chui aliuliwa. Mwenyewe alisimamishwa mbele ya watu akakiri, na baada ya kukiri hakuna aliyejua hasa anakuwa nani. Watu walifurahi, maana mbuzi walikuwa wameliwa kweli.

Mume wangu aliposikia kwamba chui wanafugwa, uchawi aliutupa upande, kufuga akakushika.

"Basi kazi imekuwa nyepesi," akasema, tumekaa uani kwa mama yangu, mtaa wa Ng'ambo. "Kama kuna mtu kamlea chui tangu mdogo, mimi sina haja ya kulala msituni. Nabisha hodi kwa mwenyewe, namwomba anioneshe. Ndiyo bustani yetu hiyo."

Mama alikuwa akipeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Baba, jambo hilo haliulizwi."

"Kwa nini, mama?"

"Haliulizwi," akasema mama, akauchukua ungo wake tena.

Alipoona mkwewe hakuelewa, mama alinivuta jikoni akaniambia nimzuie. Nilijaribu. Lakini mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa akikaa huko kusini, na likizo ya skuli ilikuwa imefika, na mimi mwenyewe nilikuwa na hamu naye. Tukaafikiana tutakwenda kumwamkia mjomba, na mume wangu atatembea vichakani peke yake, kimya kimya, akibahatika kabahatika. Aliniahidi. Naamini alikuwa na nia ya kutimiza.

Mjomba alikuwa mchoma chokaa. Baba yangu alifariki mimi sijaota meno, na ni mjomba aliyetulea, mimi na mama, kwa chokaa yake. Kila aliposhusha magunia mjini alipitia kwetu Ng'ambo, nyusi nyeupe kwa vumbi, na muhogo begani. Mama ni mkubwa kwake. Alimbeba mgongoni utotoni, na mpaka uzee alikuwa akimwambia funga kifungo, unywe dawa, mbona umekonda. Mkewe alikufa mapema naye hakuoa tena. Alikaa peke yake pembeni ya kijiji, pale mashamba yanapokwisha na vichaka vya maweni vinapoanza, kwa sababu tanuri la chokaa lina moshi na halitakiwi karibu na nyumba za watu. Ulikuwa mwendo wa nusu ya mchana kumfikia kwa miguu kutoka gari la shamba linapoishia, nami nilikuwa nikiipenda njia ile.

Safari ile sikuipenda. Watu tuliopishana nao walituitikia salamu wakaendelea kututazama. Mabanda ya mbuzi kijijini yalikuwa yamezungushiwa miba. Mjomba alitupokea kwa furaha zake, akamkumbatia mume wangu, akatuchinjia kuku. Jua lilipoanza kuzama akawaingiza mbuzi wake wawili ndani ya nyumba, chumbani kwake, akafunga mlango kwa gogo.

"Unalala nao?" nikamuuliza.

"Nifanyeje? Wenzangu wote washaliwa mbuzi zao. Mimi nna hawa wawili tu."

Usiku kucha nilisikia harufu yao ukutani. Alfajiri nilipotoka kuchota maji nilikuta uwanja mweupe kwa vumbi la chokaa kama kawaida, na juu ya vumbi lile nyayo. Zilikuwa za mviringo, za kupendeza, bila ya alama ya kucha. Zilitoka vichakani, zikazunguka nyumba, zikasimama chini ya dirisha la mbuzi, zikarudi. Nilisimama na ndoo mkononi. Mjomba alikuwa ametoka nyuma yangu. Aliziangalia kwa muda, kisha akaangalia njia ya kijijini.

"Fagia," akaniambia.

"Mjomba, mume wangu angependa…"

"Fagia kwanza, mwanangu. Kabla hakujapita mtu."

Nilifagia. Sikuwa na haja ya kuulizia sababu. Mwenye kuja kununua chokaa asubuhi ile angeona nyayo zinazofika mpaka dirishani na mbuzi wazima ndani. Mume wangu aliamka akatembea juu ya pale pale, anapiga mswaki, anasifu hewa ya shamba.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kijiji kile kina ada yake: mgeni mwanamme akisali Ijumaa, baada ya sala anaulizwa mbele ya watu katoka wapi, kafikia kwa nani, na kaja kwa jambo gani. Ni adabu tu, si kumpeleleza. Akishajibu, kijiji kizima kinakuwa mwenyeji wake, akipotea atatafutwa, akiugua atauguzwa. Lakini kwa kuwa yanasemwa msikitini, mbele ya wote, jibu lile ndilo linalobaki. Hakuna anayerudi kesho akasema hapana, nilikusudia vingine.

Mimi sikuwepo, nilikuwa napika. Nilijua kuna jambo pale walipotoka wanawake wa jirani kuja kuniomba moto, kama walivyokuja jana yake, wakaishia njiani, wakasemezana, wakarudi. Kisha nikamwona mjomba anakuja peke yake, anakwenda mbio mbio, kofia mkononi. Akaingia akakaa juu ya kinu.

"Mumeo kawaambia watu kafikia kwangu," akasema, "na kaja kuangalia chui."

Mume wangu akafika nyuma yake, kachangamka. Alisema walimpokea vizuri ajabu, wakampa nafasi mstari wa mbele, na alipowajibu wote walimsikiliza kimya.

"Umewaambia watu nna chui," mjomba akamwambia.

"Astaghfirullahi! Sikusema hivyo, mjomba. Nimesema nimekuja kuangalia chui. Kwani nimesema wako?"

"Umesema umefikia kwangu."

"Si ndiyo kweli?"

Mjomba akamtazama. Alikuwa mtu mpole, hajui kugomba, na nadhani kama angelijua, pengine mume wangu angelistuka na mambo yakazibwa mapema. Yeye alisema tu, "Ndiyo kweli," akaenda kuangalia tanuri lake. Mimi ndiye niliyegomba. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo mke wa mwaka mmoja hamwambii mumewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi pia, msichana niliyesoma, naamini ushirikina. Nilimjibu kwamba hainihusu mimi naamini nini. Inahusu wanavyoamini wale walioko msikitini. Hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tukarudi mjini. Nikamwambia mama. Tangu siku ile kila mlango ulipobishwa alitangulia yeye kufungua.

Habari ililetwa na mwuza mkaa. Alikuwa mtu wa kijiji kile kile, na kila wiki alipokuja alikuwa akikaa kibarazani kwa mama akinywa chai. Siku hiyo hakukaa. Alisimama nje na baskeli yake, akasema wasasi wameingia kwao, na ndugu yako, bibi, wamemkalisha.

"Wamempiga?" mama akauliza.

"Hawajampiga. Wamemkalisha tu. Wanamwambia amlete."

Tukaondoka sote watatu. Njia nzima mume wangu alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake, na mara moja tu aliinama kwangu akasema, "Ntawaeleza. Mimi ni mwalimu, watanisikia."

Tulimkuta mjomba kiwanjani mbele ya skuli ya kijiji, kakaa chini juani, miguu kainyoosha mbele kama mtoto anayeadhibiwa. Watu walikuwa wamekaa vivulini pembeni. Niliwajua karibu wote. Mmoja alinifunza kusuka ukili, mmoja alinikata kitovu. Hakuna aliyenitazama. Mganga alikuwa kijana kuliko nilivyomfikiria, shati safi, sauti ya taratibu. Ile sauti ndiyo iliyonitia baridi. Mtu anayepiga makelele unaweza kumngoja achoke.

"Mzee, sisi hatuna ugomvi na wewe," alikuwa akisema. "Tunataka chui tu. Mtoe, uende zako nyumbani ukapumzike."

"Sina chui," mjomba akasema. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mbuzi wa kijiji kizima wameliwa. Wako wawili hawajaguswa."

"Nalala nao chumbani."

Watu wakacheka kidogo. Hata mimi, niliyewasikia mbuzi wale ukutani, nililiona jawabu lile namna lilivyowafika watu: mzee mmoja, mke hana, analala na mbuzi.

Mume wangu akatoka mbele. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chake cha darasani. Akasema yeye ni mpenda wanyama, amekuja kwa mjomba kwa sababu ni mjomba, na chui alikuwa akimtafuta msituni, na mawili hayo hayahusiani. Akasema kama kuna kosa, ni lake yeye. Mganga alimsikiliza kwa heshima kubwa, hakumkatiza hata mara moja.

"Mwalimu, ahsante. Nikuulize kitu kimoja tu. Kusini hii ina vijiji vingi. Ulipotaka kumwona chui, mbona hukwenda kwa mwengine?"

Mume wangu akafungua mdomo. Kisha akageuka kututazama, mimi na mama, na hapo kwa mara ya kwanza niliiona hofu usoni pake.

"Mwalimu kasema kweli mtupu," mganga akawaambia watu. "Huyu ndiye shahidi wetu. Mpeni kiti akae."

Wakampa kiti kweli. Wakamweka karibu ya mganga, kivulini, akakaa kwa kuwa hakujua afanye nini.

Mama hakutaka kiti. Alisimama katikati ya kiwanja na buibui lake, akawaapia kwa Mungu kwamba ndugu yake hajapata kufuga hata paka. Akawataja marehemu wazee wao, mmoja mmoja, walivyokuwa watu wa sala. Akasema chokaa iliyopakwa msikiti wao imechomwa na nani kama si huyu mnayemwanika juani? Walimwacha aseme mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyembishia. Mjomba pale chini alikuwa akimwambia polepole, "Dada, kaa. Dada, utaanguka."

Alasiri zikasikika bunduki upande wa maweni, na mbwa. Watu wakainuka. Tulingoja tukiwa tumegeukia kule kule, na baadaye wakatokea wasasi wanaimba, wamebeba mti mabegani na mnyama kafungwa miguu kaning'inia. Wakaja wakambwaga mbele ya mjomba, karibu ya miguu yake.

Alikuwa mdogo. Sikutegemea kwamba atakuwa mdogo vile. Alikuwa jike, kakonda, mbavu zinahesabika, na matiti yake yamejaa. Maana yake kulikuwa na mtoto pahala, katika pango gani huko, anangoja. Rangi yake ilikuwa ya mchanga uliolowa, na yale madoa yamesongamana kama alivyosema mume wangu. Mume wangu aliinuka kitini. Alikuja mpaka karibu, mikono nyuma, akasimama. Chui wake ndiye huyo. Hakumgusa. Nilimsikia anasema "Mzuri" kwa sauti ndogo kabisa, na nikatamani kumkumbatia na kumtia kofi kwa pamoja.

"Kapigwa nyuma ya tanuri lako, mzee," mganga akamwambia mjomba. "Ni wako?"

"Si wangu."

"Kama si wako, basi wako yungali msituni. Na sisi hatuna haraka. Tutakaa hapa hapa na wewe, leo na kesho, mpaka aje."

Akalisema hilo kwa upole ule ule. Wasasi wakaanza kutandika mikeka. Mjomba alikuwa ameanza kuyumba pale alipokaa, na ngozi ya uso wake imebadilika rangi. Mama akaenda akapiga magoti mbele yake, chui yuko kando yake, na upindo wa buibui ukalala juu ya damu.

"Ndugu yangu, sema ni wako."

"Dada, mimi sina…"

"Najua. Najua huna. Lakini sema. Keshakufa huyu, sema wako wakuachie twende nyumbani. Utanifia hapa."

"Wataniamini."

"Na waamini! Wewe sema."

Mjomba akamwangalia sana. Sijapata kumwona mtu akimwangalia mwengine namna ile. Mimi nilikuwa nyuma ya mama tu, nikasikia kila neno.

"Unataka niseme wewe?"

"Nataka mimi. Sema."

Akauinua uso, akawatazama watu wa kijiji chake. "Wangu," akasema.

Wakapiga kelele za furaha. Mganga akamwinua kwa mkono wake mwenyewe, akamkung'uta mchanga, akamwita muungwana. Akaletewa maji. Chui akachukuliwa kwenda kuchunwa. Yalikwisha hivyo, na mpaka jua lilipokuwa likizama mjomba alikuwa nyumbani kwake, kalala, hana jeraha hata moja.

Mama alikuwa amesema tangu njiani kwamba atabaki naye siku kadhaa ampikie. Alimpikia uji, akamfunika. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye vumbi la chokaa, akaliangalia tanuri na vichaka vya nyuma yake. Akarudi ndani akafunga kifurushi chake.

"Nitakuja siku nyengine," akasema. Mimi nilidhani kachoka.

Hawakumfanya kitu mjomba. Nilipokwenda kumtazama miezi ya baadaye nilitegemea kukuta nyumba imetiwa moto au shamba limefyekwa, nikakuta kila kitu kizima. Njia inayopita kwake ilikuwa imeota majani. Watu walikuwa wamekata njia nyengine mbali. Chokaa yake haikununuliwa.

"Lakini heshima napata," aliniambia, anacheka kidogo. "Siku hizi wananiamkia wote. Hata wazee walionizidi umri. 'Shikamoo,' na wanainama. Mimi nawaitikia marahaba, niseme nini?"

Mume wangu hakutaja tena mnyama yeyote. Safari zake zikaisha. Siku za mapumziko alikuwa akenda Michenzani na walimu wenzake kujitolea kubeba mawe na mchanga kwenye yale majumba marefu yaliyokuwa yakipanda, akirudi jioni hoi, anakula, analala. Niliwahi kumwambia twende Changuu. Akasema makobe hayakimbii, tutakwenda tu. Hatukwenda.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama alihamia kwetu kunilea. Mtoto alikuwa kashaanza kukaa mjomba alipokuja. Alikuwa hajakanyaga mjini tangu mambo yale. Alikuja na muhogo na mayai, na kanzu kaifua vizuri, na nyusi zake hazikuwa na vumbi, maana alikuwa hachomi tena. Alikaa ukumbini. Mume wangu alikuwa kazini. Mama alimpokea vizuri, akamuuliza hali, akamwambia amekonda. Kisha akamchukua mtoto mkekani, akasema analazwa, akaingia naye chumba cha ndani akafunga mlango.

Mtoto hakuwa na usingizi. Nilimsikia anacheza. Mjomba pia alimsikia. Nikamfuata mama ndani, nikamkuta kakaa kitandani kamkumbatia mtoto kifuani kwa mikono miwili.

"Mama, mjomba anataka kumwona."

"Atamwona siku nyengine."

"Mama! Wewe ndiye uliyemwambia aseme. Nilikuwa nyuma yako. Ulimwambia najua huna."

"Nilimwambia aseme, naye akasema." Alikuwa akinong'ona. Hakuwa akijificha nyuma ya maneno. Alikuwa akiogopa kweli. "Hukuisikia sauti yake wewe? Mtu hasemi wangu vile, kama si wake."

Nilimtoa mtoto mikononi mwake. Hakunishindania, lakini alinifuata mpaka mlangoni akasimama pale, upindo wa kanga mdomoni. Mjomba aliponiona nakuja na mtoto aliinuka, akafuta viganja vyake kwenye kanzu. Kisha akamwona dada yake.

"Dada," akasema, "nimshike?"

Mama akautoa upindo wa kanga mdomoni. "Ana mafua, ndugu yangu. Usije ukaambukizwa bure."

"Haya," mjomba akasema. "Mungu atampa afya."

Akakaa tena. Mtoto alikuwa akimnyooshea mikono, anamchekea, kama watoto wanavyomchekea mtu yeyote. Mjomba akachukua mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mmoja, akaikalia, ili mama aione iko wapi, na akamchekea mtoto kutoka pale pale alipo.